Gari Namba Nne la Rwabigaga

Sajini Anastazi Rwegoshora alifika juu ya kilima cha Rwabigaga akiisukuma baiskeli ya serikali, jasho limemshuka mpaka kwenye soksi. Upande huu wa Nyabiyonza baiskeli ni mzigo kama mizigo mingine. Utaipanda ukiwa unashuka tu, na siku hiyo Sajini alikuwa hajashuka popote. Akaiegemeza kwenye mgomba wa kwanza alioukuta, akavua kofia, akajipepea nayo.

"Lile gari lililoiba liko wapi?"

"Gari haliibi, Afande," alisema Elpidius, Mwenyekiti wa kigango, aliyekuwa akimngoja mlangoni pa kanisa na suti yake ya Pasaka. "Aliyeiba ni fundi. Gari ni kielelezo."

Kielelezo kilikuwa katikati ya uwanja, juani, kimewekwa juu ya mawe kama marehemu anayesubiri kuagwa. Mwenyekiti ndiye aliyeamuru kiwekwe pale, kila mwamini akione anapokwenda kusali. Majuma mawili gari lilikuwa limekaa hapo. Mbuzi walikwisha kulizoea.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila mwaka, siku ya sherehe ya somo wa kigango, vijana wa Rwabigaga hushindana kwa magari ya mti yasiyo na injini, kutoka kanisani mpaka darajani, mteremko mtupu. Zamani kila nyumba ilichonga gari lake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baada ya vita vya Amini malori mabovu yalibaki porini, na baba mwenye uwezo alimtafutia mwanawe beringi za chuma, wakati mtoto wa mjane alishuka na magurudumu ya gogo yanayolia kama nguruwe. Mwaka mmoja gari la beringi lilishindwa kusimama darajani, likapinda, likaingia jikoni kwa mwalimu wa kwaya, likatoka na sufuria. Ndipo Padre aliposema basi. Fundi awe mmoja, mti uwe mmoja, kipimo kiwe kimoja, na kila kijana apewe gari lake kwa kura asubuhi ya mashindano. Ashinde dereva, lisishinde gari.

Fundi aliyechaguliwa ni Sibomana, mtu aliyekuja kutoka Rwanda akiwa amebebwa mgongoni, akakulia hapa, akaoa hapa. Kigango kilimpa karakana ndogo na kiwanja nyuma ya kanisa. Kazi aliyoijua tangu ujana ni kuchonga mitumbwi ya pombe, ile mirefu ambamo watu hukanyagia ndizi mbivu na kuvundikia rubisi kwa mtama uliokaangwa. Akachonga magari matano. Miaka miwili yalikimbia vizuri, yakifuatana kama bata, na aliyeshinda alishinda kwa pua.

Mwaka huu, 1986, yalitengenezwa mapya, kwa kuwa ya zamani yalikwisha kupasuka. Namba nne lilimwangukia Celestin, kibarua wa mashamba ya kahawa, naye ni mtu wa asili ya Rwanda kama Sibomana. Celestin alishuka kilima kile hata kuku hawakupata nafasi ya kukimbia. Placidius, mtoto wa Mwenyekiti, alipofika darajani akiwa wa pili, alimkuta Celestin ameketi kwenye ukingo anatafuna muwa, na muwa wenyewe ulikuwa nusu.

Siku ileile, vumbi la magari likiwa bado kinywani, Mwenyekiti aliitisha kikao akapendekeza azimio: yeyote atakayeonekana amechezea gari avuliwe kila alichopewa na kigango, iwe kazi, iwe cheo, iwe kiwanja. Mikono ikapanda. Cheo aliongeza ili azimio lipendeze. Macho yake yalikuwa kwenye kazi na kiwanja. Padre akaomba polisi wachunguze kwanza, halmashauri iamue baadaye. Halmashauri ilikuwa inakaa leo alasiri, na tayari nyuma ya kanisa mkewe Sibomana, Nyirabageni, alikuwa anachimba viazi vitamu ambavyo havijakomaa, maana hakutaka kumwachia mtu.

Sajini alianza na fundi. Walikaa karakanani juu ya magogo, na Mwenyekiti akasimama mlangoni ili asikose neno.

"Nieleze gari hili kama unamweleza mtu asiyejua kitu," Sajini alisema.

"Ndivyo nilivyokuwa nataka kufanya," Sibomana alijibu.

Akaeleza. Mwili wa gari ni gogo moja la mtoma lililofukuliwa kama mtumbwi wa pombe, halina kiungo wala msumari, kwa sababu kiungo ndipo mahali gari linapoanzia kugombana na lenyewe. Dereva anajilaza ndani, miguu mbele, kinachoonekana nje ni kichwa tu. Magurudumu manne yamesimama nje ya mwili, wazi, hayana madigadi, tope lisipate mahali pa kujificha na mwamuzi ayaone yote kwa mara moja. Kila gurudumu limevishwa ukanda wa tairi kuukuu. Kitovu chake ndani kina kipande cha pembe la ng'ombe, maana pembe haliuli ekseli kama chuma kinavyoiua. Ekseli ya mbele inazunguka kwenye pini moja ya mpera, na kamba ya usukani inapita katika tundu la puani mpaka mikononi mwa dereva. Breki ni kipande cha tairi kinachokandamiza ardhi ukivuta mti. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa breki ndicho kifaa ambacho vijana hawakuwahi kumuuliza habari zake.

"Na utajuaje kuwa yote matano ni sawa?"

Sibomana akachomoa darini fito iliyokatwa alama. Urefu, upana, kina, nafasi ya ekseli, kimo cha gurudumu: vyote vilikuwa kwenye fito hiyo. Lakini fito haipimi uzito, na uzito ndio unaokimbia mteremkoni. Mtu yeyote aliyewahi kushusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli anajua kwamba baiskeli tupu inakungoja na baiskeli yenye mizigo haikungoji. Kwa hiyo kila gari lilibebwa hadi mizani ya kahawa ya chama cha ushirika. Lililozidi lilipunguzwa kwa tezo sehemu ya mkiani, likapimwa tena, mpaka mshale ukasimama palepale kwa yote. Hata madereva walipimwa, na mwembamba akafungiwa mawe kiunoni mbele ya macho ya watu.

"Mlipima lini?"

"Siku kadhaa kabla ya sherehe."

"Asubuhi ya mashindano hamkurudia?"

Sibomana akatazama mlangoni. Ni yeye aliyetaka kurudia, akasema, lakini Mwenyekiti alikataa kuwabebesha watu magari mpaka chamani siku ya Bwana.

"Nilisema mti hauli, haunenepi," Mwenyekiti alikubali kutoka mlangoni. "Na bado nasema. Gari halikunenepa lenyewe, Afande. Lilinenepeshwa."

Sajini akaagiza magari yote matano yapelekwe chamani. Ilikuwa safari ya jasho, na yeye aliisindikiza akiwa ameshika kofia tu. Mwenyekiti alitembea mbele kama mtu aendaye kupokea tuzo. Namba nne likawekwa mizanini la mwisho. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukasimama palepale uliposimama kwa mengine yote. Wakalitoa, wakalirudisha. Palepale.

"Mizani hii ni mbovu," alisema Mwenyekiti.

Karani wa mizani akasema kwamba, kama ni mbovu, basi kahawa yote ya Mwenyekiti ya msimu uliopita ilipimwa vibaya, na pengine ipo haja ya kurudiwa. Mwenyekiti akasema hapana, akiitazama vizuri ni mizani nzuri.

Basi uzito haupo. Sajini akavua magurudumu. Katika kitovu cha namba nne alikuta mafuta laini ya manjano, akayanusa, uso wake ukachangamka. Samli ya ng'ombe. Masharti yalikataza kilainishi chochote isipokuwa maji. Mwenyekiti alipiga makofi mara moja, pa, kama anaua mbu.

Lakini Sajini Rwegoshora hakupewa mistari ya begani kwa kufungua gurudumu moja. Akafungua namba moja, kuna samli. Namba mbili, samli. Namba tatu, la mjukuu wa mwalimu wa kwaya, samli iliyochanganywa na masizi, kazi ya mtu mwenye mawazo. Akafungua namba tano, alilokimbiza Placidius mtoto wa Mwenyekiti. Lilikuwa na samli nyingi kuliko yote, mpaka mchwa wawili walikuwa wamekwama humo.

"Labda inatokana na pembe," alisema Mwenyekiti. "Pembe ni la ng'ombe, samli ni ya ng'ombe."

Sajini akarudisha gurudumu mahali pake. Wazazi walipoitwa mmojammoja, kila mmoja alikiri kwa siri kuwa amepaka, akaapa kuwa ni yeye peke yake, akaomba wengine wasijue. Kwa hiyo kigango kizima kilikuwa kimedanganya kwa kipimo kimoja, na magari yakabaki sawasawa kama Padre alivyotaka. Samli ikafutwa katika kesi.

Alimkuta Celestin anapalilia kahawa upande wa Ihembe, juu zaidi ya kanisa. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, na alipomwona polisi aliweka jembe chini, akanyoosha mikono mbele bila kuambiwa.

"Shikamoo, Afande. Nifunge tu, nimechoka kungoja."

"Marahaba. Shusha mikono. Fundi alikuambia nini kabla ya mashindano?"

Celestin akasema fundi alimwambia asisahau breki, na yeye akasahau. Wengine waliona wawili hao wakisemezana kwa lugha yao, na kutokana na maneno hayo ya breki ilizaliwa kesi nzima. Sajini akamuuliza gari lilikuwaje. Hapo Celestin akawa kama mtu aliyengoja majuma mawili aulizwe.

Lilikuwa gari baya, akasema. Baada ya kura walilibeba kutoka kwa Mwenyekiti hadi kanisani, na wenzake waliobeba magari yao walikuwa wanaimba, yeye na ndugu yake walikuwa wanapumzika kila baada ya migomba michache. Alijua bahati yake imekufa. Alitaka kulirudisha, Placidius akamcheka, akamwambia masikini hata gari akipewa bure halimtaki. Alipolala ndani akaona mgongo wake unalowa. Tena nyuki walimfuata. Nyuki watatu walishuka naye kilima chote, na alisahau breki kwa sababu mikono yake ilikuwa kwa nyuki.

"Ulilowa na nini?"

"Sijui. Nilipofika darajani watu waliokuja kunikumbatia walisema nimelewa. Mimi na tumbo hili la vidonda, Afande, pombe nimeacha tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mama Mukantabana aliyenilea alinusa shati langu, akalia siku mbili."

Sajini akaketi kwenye ukingo wa shamba. Aliomba muwa, akapewa, akatafuna akitazama kilima. Gari zito asubuhi ya Jumapili. Gari lilelile, leo, lina uzito kama wenzake. Jiwe lingewekwa, lingebaki, au mtu angeonekana analitoa. Na gari lile halikutoka machoni pa watu tangu lifike darajani, maana Mwenyekiti alilikalia yeye mwenyewe mpaka likapelekwa uwanjani. Basi kilicholitia uzito kilitoka chenyewe, polepole, mchana, mbele ya waamini wote na mbuzi wao. Kitu gani kinatoka kwenye mti hivyo? Na kabla ya kutoka, kiliingiaje?

Akasimama ghafla, akamrudishia Celestin kipande cha muwa kilichobaki, akaishika baiskeli. Kwa kuwa sasa alikuwa anashuka, aliipanda.

Uwanjani alipiga magoti mbele ya kielelezo, kilichokwisha kurudishwa juu ya mawe yake, akaingiza kichwa chote ndani. Watu waliokuwa wanapita walidhani anasali. Ndani, jua lilikuwa limeupasha mti, na mti uliopata moto ulikuwa unasema siri zake kwa harufu. Katika ufa mdogo karibu na mkia alikwangua kwa kisu, akapata pumba nyekundu. Akaziweka kwenye kiganja, akatafuna moja. Mtama uliokaangwa. Kisha akachungulia tundu la puani linalopitisha kamba ya usukani. Pembeni mwake kulikuwa na udongo wa kichuguu uliokauka, na nyuzi za mgomba zimeshikana nao.

Alimwita Sibomana, akamwonyesha. Fundi alishika kiuno. Aliuona ule udongo asubuhi ya mashindano wakati wa kupitisha kamba, akautoboa kwa kijiti, akadhani ni utundu wa vijana.

"Baada ya kupima, magari yalilala wapi?"

Yalilala katika stoo ya Mwenyekiti, akasema Sibomana, kwa sababu ndiyo yenye mlango wa kufuli. Magurudumu na ekseli vilifungiwa sakristia kwa Padre, ili kijana yeyote asije akajifunza kona kabla ya wenzake.

"Kwa hiyo stoo kwa Mwenyekiti hapakuwa na magari," alisema Sajini taratibu. "Kulikuwa na mitumbwi mitano mipya."

Sibomana akasema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa katika ufundi wake, "Na haikuwa imefundishwa."

Mtu wa Karagwe hahitaji kuelezwa neno hilo, lakini Sajini alitaka alisikie waziwazi, na fundi akalisema. Mtumbwi mpya wa pombe haupewi rubisi mara moja. Unajazwa maji kwanza, siku nyingi, mpaka mti ushibe. Ukiupa pombe ungali mkavu, wenyewe ndio unakuwa mgeni wa kwanza kunywa, na unakunywa kweli: mtoma ni mti laini, vibuyu na vibuyu vinazama kwenye ubavu wake, mwenye sherehe akabaki anawatazama wageni machoni.

Walipofika nyumbani kwa Elpidius, Mwenyekiti mwenyewe alikuwa nyuma yao anahema, akiuliza kwa nini uchunguzi unakwenda upande usiofaa. Mkewe, Dafroza, alikuwa uani anachambua maharage. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu mlima wa pili. Alisimama, akasalimu kwa magoti kidogo, akaleta kigoda, na kabla Sajini hajaketi akawa amemwekea kahawa za kutafuna kwenye jani.

"Mama Placidius," alisema Sajini, "siku ile ya sherehe nilisikia mlialika watu wengi."

Uso wa Dafroza ukaingia kivuli. Aibu ile, waitu, hakutaka hata kuikumbuka, akasema. Aliita watu waje kushangilia ushindi wa mwanawe, akatengeneza rubisi ya kutosha nusu ya kigango, na kabla ya jua kugeuka pombe ikawa imekwisha. Wageni waliondoka wakiwa bado wananyoosha maneno vizuri. Tangu aolewe haijawahi kumpata.

"Ndizi zilikuwa chache?"

"Ndizi zilijaa shimo lote la kuivishia. Nilichokamua ni kingi, nilichopata ni kidogo. Mtumbwi ulikuwa mpya, ulikunywa sana. Lakini iliyobaki, muulize mtu yeyote, ilikuwa rubisi tamu."

"Mtumbwi upi?"

"Mmoja wa ile mitano ya stoo. Niliuchagua ule mzuri kuliko yote."

Mwenyekiti alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Wangu mwenyewe ulikuwa umepasuka," Dafroza aliendelea, akimgeukia mumewe, "nilikuambia mara ngapi? Ukasema nisubiri. Kisha ukaniletea mitumbwi mitano ndani ya stoo, na ndizi zimeiva, na wageni umealika wewe. Mtu akifanya hivyo anataka mke wake afanye nini, aisome?"

"Ni magari," alisema Mwenyekiti.

"Gari lina magurudumu. Ile haikuwa na magurudumu."

"Ina tundu puani."

"Niliona. Nikasema Sibomana anazeeka. Nikaziba kwa udongo." Akamtazama fundi, akapunguza sauti. "Nisamehe, baba. Sikutaka kukuambia, ungeona haya."

Alipomaliza kuchota pombe kwenye vibuyu Jumamosi jioni, akasema, aliukung'uta mtumbwi, akaurudisha kwenye mstari na wenzake. Asubuhi vijana walikuja wakabeba. Yeye alikuwa jikoni na hakuona lipi lilipewa nani, na darajani hakushuka, maana alikuwa anahesabu vibuyu na hesabu haikubali. Kesi ya gari alikuwa ameisikia, lakini walisema mtu amechezea gari, na yeye gari lolote hakuligusa.

Hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi, ila Sajini alitaka jambo moja tu lisimame wima.

"Kwa hiyo pombe ya kumshangilia Placidius ndiyo iliyomsukuma Celestin."

Kuku mmoja alipita kati yao akiwa na shughuli zake.

Njiani kurudi kanisani Mwenyekiti alimvuta Sajini pembeni, akamuuliza kwa upole kama serikali inayo namna ya kuandika kwamba mti ulinenepa wenyewe. Sajini akasema jina litatajwa. Kama halitatajwa la mwenye kosa, watu watabaki na lile walilonalo, na lile walilonalo ni la Sibomana. Mwenyekiti alitembea akitazama viatu vyake mpaka mlangoni pa kanisa.

Halmashauri ilikaa ndani ya kanisa. Padre alikuwa katikati, Mwenyekiti kwenye kiti chake chenye mikono pembeni, wajumbe kwenye mabenchi, na nyuma kabisa wanawake waliokuja kusikiliza. Sibomana aliwekwa mbele, wima, kofia mikononi. Nyirabageni alikuwa nje dirishani. Sajini aliambiwa aseme alichogundua, na tayari alikuwa amekwisha kukohoa Mwenyekiti aliposimama kabla yake.

"Baba Paroko, wajumbe," alisema, na sauti yake ilikuwa imepauka. "Fundi hana kosa. Celestin hana kosa. Aliyelitia pombe gari namba nne ni mimi."

Benchi zikalia. Sajini akatazama darini. Katika miaka yake ya kazi alikwisha kuona watu wengi wakikana walichofanya. Huyu alikuwa wa kwanza kukiri asichoweza kukifanya. Padre akauliza Mwenyekiti aliitengenezaje hiyo pombe. Mwenyekiti akasema alichukua ndizi, akazitia maji, akangoja.

"Mwongo," ilisema sauti kutoka nyuma.

Dafroza alikuwa amesimama. Shuka lake lilikuwa limefungwa kifuani kama mtu anayekwenda kulima.

"Baba Paroko, huyu hajui hata kuchemsha maji ya kuoga. Ndizi azitie maji? Rubisi ile niliitengeneza mimi, kwa mikono hii na miguu hii, na nyinyi wote mliokaa hapo mlikunywa mkaisifu. Siwezi kukaa nikasikia kazi yangu inapewa mtu mwingine." Akapumua. "Nilidhani ni mtumbwi. Fundi wa watu ameteseka bure. Kama ni kosa, ni langu."

Mwenyekiti alisimama amemkodolea macho mkewe, na mtu asingeweza kusema kama alikuwa anaona haya au anamwona kwa mara ya kwanza. Akaketi.

Mjumbe mmoja mzee, mtu wa kanuni, akainua kidole. Azimio ni azimio, akasema, lilipitishwa na mikono ya watu wote, halikubagua mtu. Aliyegusa gari avuliwe alichopewa na kigango. Padre akaitikia kwa kichwa, akasema na tufuate azimio letu. Mama Placidius ana kazi gani kigangoni? Hana. Anafagia kanisa kila Jumamosi, lakini hakuna aliyewahi kuita hiyo kazi. Ana cheo? Wajumbe wakatazamana. Hana. Kiwanja je? Nyumba ni ya mumewe, shamba ni la mumewe.

"Basi nisaidieni," alisema Padre. "Tumvue nini?"

Nyuma kule wanawake walianza kucheka, kwanza mmoja, ndani ya kanga, halafu benchi zima, na Dafroza akiwa wima katikati yao bila kutabasamu, akiwatazama wanaume wa mbele mmoja baada ya mwingine kana kwamba naye anangoja kusikia. Mzee wa kanuni alishusha kidole, akakiangalia, akakiweka mfukoni.

"Azimio limekwisha," alisema Padre.

Watu wakaanza kuinuka. Sibomana peke yake hakusogea. Kofia ilikuwa bado mikononi mwake, ameikunja mpaka imekuwa kama kitambaa cha kufutia vyombo.

"Baba Paroko," aliuliza, "na mimi?"

"Wewe nini?"

"Niende au nikae?"

"Kaa, fundi. Kaa."

Sibomana akageuka kulia, akageuka kushoto. Mshitakiwa hakuwa amewekewa kiti. Mwenyekiti Elpidius ndiye aliyeona. Akanyanyuka, akakivuta kile kiti chake kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya fundi, kisha akasimama kando akiwa hajui mikono aiweke wapi. Sibomana akaketi. Kiti kikayumba chini yake, kikagonga sakafu, kikayumba tena. Akainama, akashika mguu mmoja, akautikisa, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo.

"Hiki kimelegea," alisema. "Nitakitengeneza kesho."

Nje dirishani Nyirabageni alilisikia lile neno la mwisho. Aliketi chini palepale kwenye majani, akafunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti mpaka Sajini akatoka kuona ni nani ameumia.